Hodi isiyoitikiwa: kadi ya Atheros inayodai kuwa 0xfffc0.f

Swali: "Shikamoo fundi. Nina laptopu kuukuu iliyovunjika kioo, nimeigeuza ruta ya Wi-Fi hapa steshonari, Ngamiani barabara ya 12, Tanga. Inatumia Linux, na kadi yake ya ndani ya Wi-Fi ni Atheros AR9285 inayoendeshwa na kiendeshi (programu ya kuiendesha kadi) kiitwacho ath9k. Mwaka mzima haikunisumbua. Tangu masika yapite, siku nyingine inagoma. Nikisoma dmesg, daftari la ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux), nakuta 'ath: phy0: Mac Chip Rev 0xfffc0.f is not supported by this driver', halafu 'Unable to initialize hardware. Initialization status: -95'. Nikafungua msimbo wa kiendeshi, faili la hw.c, nikaiongeza 0xfffc0 kwenye orodha ya chipu zinazokubaliwa. Sasa inavuka pale lakini inafia mbele: 'Couldn't reset chip', na -95 imegeuka -5. lspci, amri ya kuorodhesha kadi, inaionyesha kwa jina lake kamili, kwa hiyo kadi ni nzima. Nikiizima usiku kucha, asubuhi mara nyingine inashika mpaka mchana. Nirekebishe rejista gani nyingine?"

Marahaba, mdogo wangu. Rejista ya kurekebisha hapo hakuna, na ule mstari ulioongeza kwenye hw.c nitakuomba uufute. Lakini sikukemei. Kuutafuta ujumbe wa kosa ndani ya msimbo mpaka ukaupata ulipozaliwa ni kazi ambayo mafundi wengi wenye maduka yao hawaithubutu; wao wangekuwa wameshapiga Linux upya mara tatu na kukutoza mara tatu. Umekosea mahali pamoja tu. Umeiamini namba kabla hujauliza imetoka kwa nani.

Chukua karatasi, tuipasue hiyo 0xfffc0.f. (0x ya mbele ni alama tu ya heksadesimali, hesabu ya tarakimu 16, kuanzia 0 hadi f.)

Chipu za familia hii zina rejista, yaani kisanduku kidogo cha namba ndani ya chipu, iitwayo SREV, na hiyo ndiyo kitambulisho chao. Kadi yako imepewa kipande cha anwani cha kilobaiti 64, na ndani ya kipande hicho kila rejista inajulikana kwa namba tu. Mtu wa Ngamiani hili halimpi tabu, amekulia kwenye barabara ambazo jina lake ni namba yake. SREV inakaa 0x4020. Kiendeshi kikianza kazi kinaisoma mapema kabisa, ili kijue kinazungumza na nani.

Usomaji wenyewe una ngazi mbili. Kwanza kinatazama baiti ya chini. Chipu za mwanzo zinaandika toleo lao humo humo. Zilizofuata zinaweka 0xff kwenye baiti hiyo, kama kusema "toleo langu liko juu, kalisome huko". Hapo kiendeshi kinaikata SREV kwa 0xfffc0000, yaani kinabakisha biti zile tu ambazo kwenye namba hiyo ni moja, kinasogeza kulia biti 12, kinapata toleo; kisha kinaikata kwa 0xf00, kinasogeza biti 8, kinapata tarakimu ile ya baada ya nukta. AR9285 iliyo hai ikikatwa hivyo inatoa toleo 0xc0.

Sasa chukua namba ambayo biti zake 32 zote ni moja, yaani 0xffffffff, uipitishe njia hiyo hiyo. Baiti ya chini ni 0xff, kwa hiyo kiendeshi kinadhani kimekutana na chipu ya kundi la pili na kinapanda juu. Kinakata kwa 0xfffc0000, kinasogeza biti 12: 0xfffc0. Kinakata kwa 0xf00, kinasogeza biti 8: f. Iandike: 0xfffc0.f.

Umeona? Hakuna kiwanda popote duniani kilichotoa chipu yenye toleo hilo. Hiyo ni 0xffffffff iliyokatwa na kushonwa upya mpaka ikafanana na kitu cha maana. Na uongo wenyewe ulipita mlango wa kwanza kwa sababu pale 0xff ni jibu halali. Hili ndilo linalowapoteza watu. Laiti kiendeshi kingeandika "nimesoma 0xffffffff", usingefungua hw.c hata siku moja.

Biti zote moja zinatoka wapi? Kwetu mtu akifika nyumbani kwa mtu hubisha hodi. Asipoitikiwa mara ya tatu, huondoka. Prosesa haina ruhusa hiyo. Ikishatoa amri ya kusoma anwani, imesimama mlangoni mpaka ipewe kitu mkononi, maana kuna rejista ya ndani inayosubiri kujazwa. Ombi la kusoma linapita kwenye daraja la PCI Express, njia inayounganisha kadi na prosesa, linashuka hadi kwenye kadi, na kadi inatakiwa irudishe jibu. Isiporudisha, au ikijibu kwamba anwani hiyo haiitambui, daraja haliwezi kuiacha prosesa imening'inia milele, basi linampa mgeni biti zote moja aende zake. Desturi hiyo ilikuwapo tangu PCI ya zamani, kabla ya Express. Kwa hiyo kila ukiona 0xffffffff kwenye rejista ya kadi, tafsiri yake ya kwanza ni kwamba ulibisha hodi na hakuna aliyeitikia.

Kuandika ni hatari zaidi, kwa sababu kuandika hakusubiri jibu. Prosesa inaitupia daraja barua, daraja linaipokea, prosesa inaendelea na safari. Barua ikifika kwa mtu, ikifika kwa ukuta, aliyeandika hajui. Ndiyo maana nyongeza yako "ilifanya kazi". Kiendeshi kilivuka, kikaandika rejista za kuiamsha na kuianzisha chipu upya, kila kitu kikaonekana shwari, kumbe kilikuwa kinahutubia chumba kitupu. Kilikuja kukwama mahali pa kwanza palipotakiwa jibu maalumu: rejista ya hali iliyoko 0x7044, ambayo biti zake nne za chini zinatakiwa ziwe 2 chipu ikiamka. Kiendeshi kinachungulia kila baada ya maikrosekunde 10, hadi zitimie 100,000, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Kila kilipochungulia kilikuta 0xf. Kikakata tamaa, kikarudisha -5, ambayo katika Linux ni kosa la kuingiza na kutoa. Ile -95 ya mwanzo ilikuwa "jambo hili halihudumiwi". Kwa maana hiyo ulichofanya ni kusogeza kaburi hatua chache mbele.

Tena una bahati. Pale kiendeshi kilikuwa kinangoja tarakimu kamili, 2. Kingekuwa kinangoja biti moja tu ipande kuwa moja, kama viendeshi vingi vinavyofanya, 0xffffffff ingekijibu "tayari!" papo hapo, na kosa lingekuja kuonekana mbali sana na lilikoanzia. Waandishi wa ath9k wanaujua mtego huu. Tazama kazi inayoitwa ath9k_hw_intrpend, ile inayoamua kama kadi imeita au haikuita: inasoma rejista ya miito, na ikikuta biti zote moja inaitupa, jina la namba hiyo mle ndani ni AR_INTR_SPURIOUS. Maana kadi iliyokufa, ukiamini rejista zake, inaonekana kama kadi inayopiga kelele zote kwa mpigo.

Kabla sijaingia kwenye kutafuta chanzo, nikupe ndugu wawili wa namba yako ili siku ukikutana nao usiwachanganye. Wa kwanza ni 0x0f.3. Huyu alikuwa akiwatokea wenye vifaa vya Atheros vya USB. Kwenye USB hakuna kusoma anwani moja kwa moja; kusoma rejista ni kutuma ujumbe kwa programu iliyo ndani ya kifaa na kungoja ujumbe wa kurudi. Ujumbe ukipotea, kinachorudi ni namba ya kosa, -5, ambayo kwa biti 32 ni 0xfffffffb. Ikate kwa njia ya chipu za mwanzo, kwa kuwa baiti yake ya chini si 0xff, utapata 0x0f na 3. Kosa la mawasiliano limevaa nguo za toleo la chipu, vilevile kama lako, ila kwa fundi mwingine wa nguo. Wa pili ni 0xdeadbeef. Huyu ana habari tofauti kabisa. Akitokea kwenye kadi hizi, mlango umefunguliwa na mtu amekuambia mwenye nyumba amelala: njia ya PCI Express ni nzima, sehemu ya kadi inayopokea wageni iko macho, ila kiini cha chipu kimo usingizini au kimekwama. ath9k yenyewe inaisaka namba hiyo kwenye rejista iliyoko 0x0014 ili ijue kama chipu imeshindwa kuamka. Ukipata 0xdeadbeef, shughulika na usingizi wa chipu. Ukipata 0xffffffff, chipu iache kwanza, kashughulike na njia.

Sasa lspci. Umeniambia inaonyesha jina kamili, kwa hiyo kadi ni nzima. Hapa ndipo ningekushika mkono. Jina unaloliona lspci hailiulizi kutoka kwenye kadi muda ule. Inachukua namba za mtengenezaji na za kifaa ambazo kerneli iliziandika kompyuta ilipowaka. Ni sawa na jina la marehemu kubaki kwenye daftari la mtaa. Kitu ambacho lspci za zamani zinakisoma pale pale ni toleo, lile neno la mwisho kwenye mabano (mpya nazo huweza kulichukua kwenye daftari hilo hilo la kerneli), na wewe hukuninakilia. AR9285 hai huwa inasema "rev 01". Ikiwa siku inapogoma inasema "rev ff", hata eneo la usanidi la kadi, yaani sehemu yenye kitambulisho na mipangilio yake, halijibu, na mjadala wa kiendeshi umekwisha. Njia ya uhakika zaidi ni kutazama baiti zenyewe:

sudo lspci -s 02:00.0 -xxx

(Weka namba ya kadi yako badala ya 02:00.0.) Mstari wa kwanza uanze na 8c 16 2b 00. Hiyo ni 168c, namba ya Atheros, na 002b, namba ya AR9285, zikiwa zimeandikwa kinyumenyume baiti kwa baiti. Ukikuta ff ff ff ff ukurasa mzima, kadi haipo kwenye njia. Namba ya mtengenezaji 0xffff haijapewa kampuni yoyote, kwa makusudi, ili hapa pasiwe na utata. Naisisitiza hii kwa sababu ziko rejista ambazo biti zote moja ni thamani halali. Usihukumu kwa rejista yoyote uliyoiokota, hukumu kwa ile isiyoweza kuwa hivyo ikiwa hai.

Tuseme ff hazikutokea, 8c 16 2b 00 ipo, na bado SREV inatoa ff. Hali hiyo ina utamu wake: kadi inaitikia kwa jina lake lakini haifungui mlango wa rejista. Eneo la usanidi na eneo la kumbukumbu ni milango miwili, na wa pili una makomeo yake. Uliza:

sudo setpci -s 02:00.0 COMMAND

Jibu ni tarakimu nne za heksadesimali. Biti ya thamani 2 ndiyo inayoiruhusu kadi ijibu kwenye anwani zake za kumbukumbu. Biti ya thamani 4 inairuhusu kadi yenyewe kwenda kusoma na kuandika kwenye kumbukumbu kuu. Ukiona 0000, komeo limefungwa. Lakini usikimbilie kulifungua kwa mkono na kufurahi, kwanza jiulize nani amelifunga. Kiendeshi kilipoanza kilikuwa kimeshaiomba kerneli ifungue. Ikiwa sasa ni 0000, inaelekea kadi ilipotewa na umeme au mawasiliano kwa kitambo kidogo, ikarudi ikiwa imesahau kila kitu ilichoambiwa tangu asubuhi. Thibitisha hivi:

sudo setpci -s 02:00.0 BASE_ADDRESS_0
cat /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/resource

Ya kwanza inasoma anwani iliyomo ndani ya kadi, ya pili ni anwani ambayo kerneli inaamini iliipa kadi. Zinatakiwa zilingane, isipokuwa tarakimu ya mwisho ya ile ya kwanza huwa 4, ni alama tu ya kusema anwani ni ya biti 64. Ukikuta kerneli inasema f0100000 na kadi inasema 00000004, kadi imezimia ikazinduka. Kerneli inabisha hodi nyumba ya zamani, mpangaji hayupo tena.

Kisha tazama usingizi. Katika lspci -vv, chini ya Power Management, mstari wa Status unasema D0 ikiwa kadi iko macho. Ikisema D3, eneo la usanidi litajibu na rejista hazitajibu, kwa sababu ndivyo D3 ilivyo. Laptopu inayotumika kama ruta haina haja ya kulala. Zima kulala kote kwenye mipangilio, pamoja na ile ya kufunga kifuniko. Na kuna usingizi mwingine mdogo wa njia yenyewe, ASPM. Utashauriwa na kila mtu uandike pcie_aspm=off kwenye mstari wa kuwasha kerneli. Neno hilo linadanganya: linaiambia kerneli isiguse mipangilio ya ASPM, na kama BIOS ilikuwa imeshaiwasha, itabaki imewaka. Ukitaka kuizima kweli andika pcie_aspm.policy=performance, halafu hakikisha kwenye lspci -vv mstari wa LnkCtl unasema "ASPM Disabled". Usipouona, hujazima kitu.

Haya yote nimekueleza kwa sababu ukiyajua utayatumia miaka mingi. Lakini ukiniuliza ninachokishuku kwako, nitakwambia meno ya kadi. Umetaja masika. Umetaja kwamba asubuhi, mashine ikiwa baridi, inashika, na mchana inaachia. Na uko Tanga. Miaka kadhaa nyuma niliwekewa mezani boksi la Wi-Fi lililotoka juu ya paa la nyumba moja ya wageni upande wa Raskazone, mita chache kutoka majini. Nilikaa nalo siku tatu. Nilibadilisha kerneli mbili, nikaandika viraka, nikamsema mwandishi wa kiendeshi maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Siku ya nne, kwa kuchoka, nikafungua skrubu na kuichomoa kadi. Meno matatu yalikuwa na ukijani kama wa sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Kosa lile halikuwa la mwandishi wa kiendeshi, lilikuwa langu la kuanzia juu.

Basi fanya hivi. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kama nusu dakika ili umeme uliobaki uishe. Usiridhike na kuiwasha upya tu: kwenye laptopu nyingi, kuwasha upya hakukati umeme wa tundu la kadi, na chipu iliyokwama inaamka ikiwa imekwama vilevile. Nadhani hata hiyo "nikiizima usiku kucha" yako inapata nafuu kwa sababu hii. Fungua kifuniko cha chini, chomoa vichwa vya antena taratibu kwa kuvinyanyua wima, kimoja cheusi kimoja cheupe, uweke alama kipi kilikuwa wapi. Toa skrubu, kadi itainuka yenyewe kwa pembe. Ina meno 52, pande zote mbili. Yasugue kwa raba ya penseli, nyeupe na laini, si ile ya wino inayokwangua. Wewe una steshonari, raba hazikosekani. Pangusa vumbi la raba, kisha pitisha kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti kidogo, uache ikauke kabisa. Tundu upande wa mazabodi ulipulize kwa pampu ya baiskeli, na baiskeli Tanga hatujapungukiwa. Usipulize kwa mdomo: pumzi ina unyevu, na unyevu ndio tunaoufukuza. Rudisha kadi, kaza skrubu zote mbili. Skrubu moja inatosha kuishikilia kadi isidondoke, lakini upande mmoja ukiinuka kidogo mashine inapopata joto, utakuwa na ugonjwa huu huu wa asubuhi nzima na mchana mgonjwa.

Kabla ya kufungua lolote, lakini, kuna jaribio la dakika moja ambalo ningependa ulifanye siku inapogoma, kwa sababu linatenganisha kadi iliyosahau na kadi isiyofika. Ondoa kiendeshi kwa sudo modprobe -r ath9k, halafu iambie kerneli iifute kadi na kuitafuta upya:

echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/remove
echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan

Kadi ikirudi na Wi-Fi ikawaka, ilikuwa imesahau anwani yake na kerneli imempangia mpya. Isiporudi kabisa kwenye lspci, haigusi njia, na hapo ndipo raba inahusika. Ikirudi leo na kesho isirudi, ni raba vilevile.

Ikiwa meno ni safi, skrubu zimekaza, ASPM imezimwa, na 0xfffc0.f bado inatokea, sasa ndiyo turudi kwenye programu, na hapo nisingekupeleka kwenye hw.c. Ningekupeleka kwenye mmiotrace. Hiki ni chombo kilichomo ndani ya kerneli chenyewe kwa mashine za x86, kiliingia na toleo 2.6.27 mwaka 2008, toleo lile lile lililoleta ath9k. Kinakaa kati ya kiendeshi na kadi kinaandika kila kusoma na kila kuandika. Hakikisha kerneli yako ilijengwa na CONFIG_MMIOTRACE, ondoa kiendeshi, kisha kwa mamlaka ya root andika neno mmiotrace ndani ya /sys/kernel/debug/tracing/current_tracer, anza kuhifadhi trace_pipe kwenye faili, ndipo upakie ath9k. Mpangilio huu usiugeuze, kwa sababu chombo kinakamata anwani pale kiendeshi kinapoziomba. Kiendeshi kikishapata anwani zake, umechelewa. Mashine itabaki na prosesa moja na itakuwa nzito, usishtuke.

Faili litakuwa na mistari inayoanza na R kwa kusoma na W kwa kuandika, ikifuatiwa na ukubwa, muda, anwani na thamani. Usilisome kutoka juu kama riwaya. Tafuta R ya kwanza yenye 0xffffffff, kisha rudi nyuma mstari mmoja mmoja. Ikiwa ff imeanza kwenye R ya kwanza kabisa, kadi ilikuwa imekufa kabla kiendeshi hakijaigusa, na kiendeshi hakina hatia. Ikiwa zipo R kumi au mia zenye thamani za kueleweka, halafu W fulani, halafu ff mpaka mwisho, W hiyo ndiyo ya kuhojiwa: huenda imeilaza kadi, huenda imeianzisha upya na aliyefuata hakuipa muda wa kuamka. Hapo utakuwa na kosa la kweli la kiendeshi mkononi, na utakuwa na mstari wa kumwonyesha mwandishi wake.

Utakaposhawishika kuongeza mistari yako ya kuchapisha thamani ndani ya kiendeshi, na najua utashawishika, kumbuka mambo mawili. Nilisema kuandika ni barua. Barua zinaweza kukaa kwenye daraja kwa muda, na zinalazimika kufika pale tu unaposoma kitu kutoka kwenye kadi hiyo hiyo, kwa sababu kusoma hakuruhusiwi kuzipita. Kwa hiyo ukiongeza mstari wa kusoma rejista "ili nione tu", umezisukuma barua zote zifike, na kosa linaweza kutoweka mbele ya macho yako bila wewe kutengeneza chochote. Ukiona kosa linapona kila unapolichunguza, shuku hilo. Jambo la pili, ziko rejista ambazo kuzisoma ni kuzifuta. Kwenye chipu yako, 0x0080 inaonyesha miito ya kadi na kuiacha ilivyo, lakini 0x00c0 inaionyesha na kuisafisha kwa mpigo mmoja. Ukiisoma kwa udadisi wakati Wi-Fi inafanya kazi, umemla kiendeshi mwito wake, na yeye atakaa anasubiri pakiti ambayo tayari ilishafika.

Ukitaka kuchungulia bila kuandika msimbo, ath9k iliyojengwa na sehemu yake ya debugfs (mafaili ya uchunguzi ya kerneli) ina mafaili mawili chini ya /sys/kernel/debug/ieee80211/phy0/ath9k: unaandika namba ya rejista kwenye regidx, unasoma thamani kwenye regval. Uzuri wake ni kwamba yanaiamsha chipu kwanza na kuirudisha usingizini baadaye, hivyo hutapata 0xdeadbeef ya kujitakia. Ubaya ni kwamba yapo tu kiendeshi kikiwa kimefanikiwa kuwaka, yaani asubuhi zako nzuri. Yatumie hizo asubuhi: soma 0x4020, iandike thamani yake yote ya biti 32 kwenye daftari. Siku kadi itakapogoma utakuwa na kitu halisi cha kulinganisha nacho.

Ile 0xfffc0 ifute kwenye hw.c leo, usingoje spiriti ikauke. Ikibaki, siku kadi itakapopoteza njia tena kiendeshi kitaipitisha mlangoni na utaletewa ujumbe wa "Couldn't reset chip", utaanza kuhangaika na kuianzisha chipu upya wakati chipu haipo. Ukiniandikia tena, niletee vitu vitatu vilivyochukuliwa saa ile ile kadi inapogoma: mistari minne ya mwanzo ya lspci -xxx, jibu la COMMAND, na jibu la BASE_ADDRESS_0 likiwa kando ya mstari wa kwanza wa resource. Na uniambie kama yale meno yalikuwa na ukijani.